Udongo wa polima kwa bango la filamu la kutokeza: uzoefu wangu hapa Lamu

Kwa sura na mikono ya watu sijaona kitu kinachoushinda udongo wa polima. Kwa bahari, kuta na mawingu, usiumalizie pesa zako, tumia vitu vya hapa hapa. Huo ndio uamuzi wangu baada ya kumaliza bango la filamu la kutokeza, yaani lenye sura zilizoinuka kutoka ubaoni, ambalo nahodha wake ametoa kiwiko nje ya fremu na foromali, ule mti unaobeba tanga, inapita juu ya ukingo. Naeleza kwa kirefu kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na joto la pwani lina sheria zake.

Kazi yenyewe ilitoka kwa vijana wa mtaa wa Langoni waliopiga filamu fupi kuhusu nahodha na mjukuu wake. Walitaka kitu cha kuwasimamisha wapita njia barazani kabla filamu haijaonyeshwa. Niliwashauri tushike uwiano wa mabango ya sinema ya Marekani, inchi 27 kwa 40, yaani karibu sentimita 69 kwa 102, kisha tupunguze nusu kila upande. Ukiushika uwiano huo, kazi ikikamilika unaipiga picha na picha inachapwa kuwa bango la kawaida bila kukatwa popote.

Mpango wote niliupanga kwa plastisini ya watoto wa shule. William Harbutt, mwalimu wa sanaa wa Uingereza, aliitengeneza mwaka 1897 akitaka wanafunzi wake wapate udongo usiowakaukia mikononi, na hadi leo sifa yake ni hiyo: imekandwa kwa mafuta, haina maji, haikauki. Unamsogeza nahodha kushoto, unamrudisha kulia, unainua mlingoti, na hakuna kilichoharibika. Kwa kazi ya kudumu, hapa kwetu haifai. Mchana wa kaskazi, jua likishika, pua ya nahodha inalegea na mikono inaanza kushuka.

Sasa udongo wa polima. Ni udongo kwa jina tu, maana ndani yake mna chembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kilainishi na rangi. Kwa kuwa hauna maji, haunywei kama udongo wa mfinyanzi. Unabaki laini mpaka uingie kwenye oveni, na humo ndimo chembe zinaposhikana. Nilitumia chapa ya FIMO, vipande vya gramu 57, rangi ya kahawia, nyeupe na nyeusi. Nimeupenda, na ninasema hivyo bila kusita. Makunyanzi ya pembe za macho niliyachora kwa sindano ya kushonea kofia, na sindano hiyo hiyo ikatoboa vitundu vya kofia ya nahodha, kimoja kimoja, na kila kitundu kikabaki mahali pake baada ya kuchomwa. Kucha za vidole zinaonekana. Mishipa ya mkono ulioshika kamba inaonekana. Mtoto wa jirani alipoiona akauliza huyo ni babu wa nani, na kwangu hiyo ni tathmini kubwa kuliko nyota tano.

Joto ndilo mtihani wake. Ukishaukanda dakika chache katika chumba chetu cha mchana, unakuwa laini kupita kiasi, na alama ya kidole inafuta kazi uliyoifanya sasa hivi. Dawa yake ya kwanza ni friji: uuweke kidogo, uendelee. Ya pili ni kuulaza kati ya karatasi nyeupe mbili na kuweka kitu kizito juu, karatasi zifyonze sehemu ya kilainishi. Mimi napendelea karatasi, kwani udongo uliotoka friji unarudi kulegea haraka. Na usiuhifadhi kwenye kopo la plastiki lolote ulilolipata, kwa sababu kilainishi chake kinashambulia baadhi ya plastiki, hasa ile ngumu na angavu inayovunjika kwa mlio. Foili ya jikoni inatosha.

Joto hilo hilo huuharibu njiani. Mzigo wa kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ukaja kwa basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, na nilipoufungua nusu ya vipande vilikuwa vimeanza kukomaa: vinapasuka ukivikunja, vinamomonyoka kama halua iliyokaa. Malalamiko yangu hayakujibiwa. Udongo huu ukikaa muda mrefu penye joto kali huanza kujichoma wenyewe taratibu, basi usikubali mzigo uwekwe karibu na injini au uachwe juani gatini. Ukinunua dukani, bonyeza kipande kabla hujalipa. Kinapaswa kuitikia kidole. Mzigo wangu wa pili aliubeba msafiri kwenye mkoba wake wa mkononi, ukafika salama.

Kuhusu kuchoma, FIMO inataka nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika 30, na isizidi 130. Kitufe cha oveni ya gesi usikiamini hata kidogo. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni, ni kitu kidogo na kinaokoa kazi ya wiki nzima. Nililaza vipande juu ya kigae kizito ili joto lisirukeruke, nikavifunika kwa foili. Jiko la mkaa sikulikaribia, na nakusihi nawe usilikaribie: huwezi kulidhibiti, na PVC ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma macho na koo. Fungua madirisha hata kama kila kitu kinakwenda sawa. Vifaa ulivyovitumia kwa udongo huu visirudi kwenye chakula.

Bei yake si ya mzaha, hasa ukiongeza nauli ya mzigo. Kwa hiyo mwili wa nahodha ndani yake ni foili iliyofinyangwa ikakazwa vizuri, na udongo ni ngozi tu juu yake. Ngozi hiyo, ikiwa na unene ulio sawa, inaiva sawa kila mahali. Kanzu ni kitambaa. Udongo umetumika usoni, kwenye mikono, miguu na kofia, basi.

Udongo unaokauka kwa hewa niliununua pia, maana unasifiwa kuwa rahisi na hauhitaji oveni. Kwa kuta za nyumba za mawe nyuma ya nahodha nilitandaza bapa pana juu ya plaiwudi, kwanza kwenye kipande cha majaribio. Ulipokauka kingo zilinyanyuka na katikati pakapasuka. Sababu yake inaeleweka: maji yanatoka, udongo unajikunja, ubao hautaki kujikunja nao. Tena unyevu wa Lamu unafanya uso ukauke na ndani kubaki kubichi. Uliponikubalia ni pale nilipokwaruza ubao, nikapigilia wavu mwembamba wa waya, nikapaka gundi ya mbao, kisha nikaupaka kwa tabaka nyembamba, kila moja likisubiriwa. Nyufa ndogo zilizobaki niliziacha kwa makusudi. Ukuta wa matumbawe uliozeeka una nyufa. Kwa uso wa mtu nisingeutumia kamwe.

Bahari ndiyo sehemu ninayojivunia zaidi, na haikunigharimu karibu kitu. Mwaka 2018 hapa Lamu ilishushwa majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa vipande vya ndara za rangi zote, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Kila nikipita ufuoni tangu hapo siwezi kuiona ndara kuukuu kuwa taka. Nyayo zake ni nyepesi, zinakatika kwa kisu kikali, zinashika gundi, na chumvi haizidhuru. Nilizichonga mawimbi, nikazipanga safu juu ya safu, nikazifunika kwa rojo la magazeti na gundi ya mbao. Wengine hutumia uji wa ngano badala ya gundi. Wakati wa masika uji huo unaota ukungu na kuwaita mende, na mimi sipendi kazi yangu iliwe. Kumbuka tu kwamba ndara haiingii kwenye oveni. Vyote vya polima vichomwe kwanza, vipoe, ndipo vigundishwe kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili.

Tanga ni kipande cha kitambaa cha merikani kuukuu kilichochovywa kwenye gundi iliyozimuliwa, kikatungikwa kikauke kikiwa kimejaa upepo. Nilikuwa nimefikiria kulifinyanga, lakini hakuna udongo utakaoiga mshono wa tanga ukawa mshono wa kweli.

Rangi: akriliki ya maji, na vanishi ya maji. Hapa mafundi wa mashua watakushauri vanishi yao, na kwa mbao ni nzuri sana. Juu ya polima inabaki inanata. Niliipaka kwenye sikio la majaribio, siku zikapita, vumbi likajishika humo na halikutoka. Rangi ya kopo la kupuliza nayo ina tabia hiyo.

Jambo ambalo hakuna pakiti itakayokuandikia ni kina. Bango la kutokeza likifanywa nene kila mahali linakuwa rundo la vitu ubaoni. Kwa hilo nilikwenda kuangalia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, katika Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili. Mafundi wale walichonga plasta ya chokaa kwa kina kidogo sana, na bado ukuta mzima unaonekana una uhai, kwa sababu mwanga unaingia kutoka upande wa uani na kivuli kinamalizia kazi. Nikafuata mwenendo huo. Nyumba za nyuma zina kina cha ukucha tu, bahari ya kati imeinuka vidole viwili, na nahodha peke yake ndiye aliyetoka kabisa. Taa iwekwe ubavuni. Ikimulika usoni moja kwa moja, kazi yote inalala bapa, na utajiuliza ulihangaikia nini.

Herufi za jina la filamu zimetoka kwenye masalio ya mbao za karakana ya mzee mmoja jirani, fundi wa milango. Nilizipanga karibu karibu ili zionekane nzito. Akazitazama, akasema, “Zipe nafasi, mwanangu. Mtu ataisoma akiwa upande wa pili wa njia, tena usiku.” Tukazitanua, na kweli zinasomeka kutoka mbali.

Kwa anayetaka kujaribu: agiza polima ya rangi tatu tu, kisha zipake rangi nyingine juu. Jifunze kwanza mkono mmoja, uuchome, kisha uukunje kidole taratibu. Ukivunjika kirahisi, haukuiva. Uliochomwa vizuri unapinda kidogo kabla ya kuvunjika. Na kama bango lako litasafiri, kama letu lilivyokwenda Shela kwa boti, sehemu zinazotokeza sana zifungwe kwa skrubu ili zivuliwe njiani. Kiwiko cha nahodha na foromali vilikwenda ndani ya kikapu cha ukili, vimefungwa kwa leso, na vikarudishwa mahali pake nusu saa kabla ya watu kufika. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida, kwa hewa hii ya chumvi, zitatoa machozi ya kutu juu ya rangi kabla mwaka haujaisha.