Soksi nyota 5, vile vifuko vya nikotini hapana kabisa

Duka la vifaa vya mazoezi hapa Arusha mjini, jina naliacha. Nilifata soksi na raba za kukimbilia Kili Marathon, na kwa hilo sina neno, yule kaka anajua kazi, aligeuza raba yangu ya zamani akaangalia soli ilivyolika upande mmoja akanipa nyingine saizi moja juu, mpaka leo sijatoka lengelenge.

Shida ni kikopo alichonisogezea wakati nalipa. Vifuko vyeupe vya nikotini, milligramu 11 kimoja, unabana kwenye fizi ndani ya mdomo wa juu. Akaniambia dada hii inafungua pumzi, utapanda kile kilima cha Mweka cha kwenye marathon kama unashuka. Nikatoa 15,000.

Jumamosi nikaweka kimoja napandisha kilima cha Ilboru. Kama dakika kumi hivi nikawa macho kweli, hilo sikatai. Halafu kwikwi. Kwikwi mfululizo, mate yanajaa, fizi inawaka, na saa mkononi inasoma mapigo 171 wakati wiki iliyopita kilima kilekile spidi ileile ilikuwa 156! Nikatema nikakaa chini pembeni ya migomba wenzangu wakaniacha.

Jamani pumzi haifunguki hapo. Nikotini inaamsha ubongo inamwaga adrenalini, moyo unakimbia mishipa inabana presha inapanda, ila mapafu ni yaleyale uliyokuja nayo. Hata wale wachezaji wa hoki ya barafu huko Ulaya wanaoweka snus, ile tumbaku ya kubana mdomoni, wanatafuta umakini. Yule kaka wa duka aliposema sio haramu michezoni alisema kweli, WADA, wale wa kupambana na dawa michezoni duniani, hawajaipiga marufuku, wanaifuatilia tu tangu 2012, lakini kwamba inakushika ushindwe kuiacha hakugusia kabisa. Kundini kwetu kuna mtu alianza na kimoja siku ya mashindano tu, sa hivi anaweka kabla hata ya chai ya asubuhi na akikosa hasemezeki.

Kilichoniuma zaidi, narudi kukirudisha nakuta vijana wawili wana sare za shule wanauziwa, mmoja anauliza kama itamsaidia kwenye mita 1500. Nikamwambia kaka hawa ni watoto, ananijibu dada hii sio sigara, haina moshi. Hela yangu hakurudisha. Nikatoka na wale vijana tukasimama nje tukaongea, na yule wa 1500 alikuwa ameshaweka kimoja, kwikwi zimeshaanza.