Kufundisha watoto nyumbani: ACE au CBC?

Sisi tuko ushago, tukishaomba asubuhi na ng'ombe wakishakamuliwa ndo masomo yanaanza. Tumejaribu mitaala yote miwili: ACE (Accelerated Christian Education), wa Kikristo kutoka Marekani, na CBC, wa serikali ya Kenya. ACE, ile ilianzia Texas 1970, kila somo ni vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anajisomea mwenyewe asipofikisha 80% anarudia, na Neno la Mungu limo mpaka kwa hesabu, hapo nafurahi sana. Ila mifano ni ya Kimarekani, binti yangu aliniuliza theluji inanukaje!

CBC Kiswahili kipo, tulipanda sukuma kwa gunia akaelewa mara moja, lakini mzazi unakaa naye mwanzo mwisho, na KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa gredi ya 6, lazima asajiliwe kupitia shule. Mimi nimechagua CBC, Biblia nafundisha mwenyewe.