Tahadhari: Konsetina ya "Jeffries" Aliyoniuzia Mzee wa Sokoni

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na aibu, na aibu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikiwasisitizia kila tunapokutana kwamba konsetina ya zamani, ile ala ndogo ya muziki yenye mvukuto na vitufe, hailipiwi kabla ya kufunguliwa. Jumamosi iliyopita nilihesabu pauni 4,600 taslimu bila kulegeza hata skrubu moja.

Muuzaji ni yule mzee wa meza ya vyombo vya muziki sokoni. Aliitoa polepole ndani ya kasha la ngozi la pembe sita lenye kufuli ya shaba, akaniwekea mikononi kabla hata hajataja bei. Ilikuwa na vitufe 30 vya mfupa na mabamba meupe ya nikeli yaliyotobolewa nakshi, na katikati ya nakshi hizo palikuwa na maandishi "C. JEFFRIES MAKER", jina la fundi mashuhuri wa konsetina wa London. Nikavuta mvukuto, nikapiga noti tatu nne za upande wa kulia, zikatoka kali na safi, nami nikahisi vidole vinatetemeka. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni ya mwaka 1889 barabara, akanionyesha kikaratasi chenye namba ya chombo ambayo, kwa maneno yake, ndiyo inayothibitisha mwaka huo. Nilipoomba bisibisi alinijibu kwa upole kwamba ngozi za ndani hazijawahi kuguswa na baridi ya pale sokoni ingeziharibu. Kisha akatanguliza udhuru: hata nikija kuifungua nisishtuke nikikuta kazi ya mkono mwingine, maana baadhi ya konsetina za mwanzo za Jeffries zilitengenezwa na akina Crabb, familia nyingine ya mafundi wa konsetina.

Hilo la akina Crabb lina ukweli ndani yake, na ndilo lililonimaliza. Mtu huyu aliujua mtaa wa Praed, London, alikofanyia kazi Jeffries, alijua kwamba Charles Jeffries alifariki mwaka 1906 na wanawe wakaendelea na kazi. Ni nani kati yenu angedhani kwamba mtu mwenye elimu ya namna hiyo anaitumia kuibia watu? Tena mnajua ile konsetina ya mwaka jana ilivyoniponyoka kwa kusitasita kwangu. Sikutaka kurudi nyumbani mikono mitupu kwa mara ya pili.

Jumatatu fundi aliifungua mbele yangu. Nyenzo za vitufe zimeshikwa kwa vindoano badala ya kupigwa ribiti kama za Jeffries, na kwenye ubao wa ndimi, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti, imegongwa namba ya tarakimu sita. Ni Lachenal, kiwanda kilichotengeneza konsetina kwa maelfu mengi; mzee ameivua mabamba yake ya mbao na kuivalisha haya ya chuma. Matundu ya zamani ya skrubu yamezibwa kwa nta na mengine yametobolewa pembeni yake. Fundi aliikadiria kuwa haifiki pauni 1,500. Sina ugomvi na Lachenal, nami nimejifunzia juu yake, lakini sikuilipia Lachenal.

Ile namba ya kikaratasi peke yake ingetosha kunizindua. Jeffries hakuzipa konsetina zake namba za mfululizo, na umri wa konsetina hizo hukadiriwa kwa mhuri na anwani tu, kwa hiyo anayekutajia mwaka kamili wa Jeffries kwa kutumia namba anakudanganya. Wheatstone, kiwanda kingine cha konsetina, ni habari nyingine, kwa kuwa vitabu vyake vya kiwanda vipo katika jumba la makumbusho la Horniman, London. Tazameni pia nta kandokando ya skrubu.

Hata hivyo, kujua ishara hizi hakutamzuia mtu mwenye mikono stadi kiasi hiki. Aondolewe sokoni, meza yake ipigwe marufuku, na afikishwe mahakamani ajibu ni konsetina ngapi nzima amezikatakata ili kupata vipande vya kughushia, kwa sababu vyombo hivyo vya zamani havitengenezwi tena na kila kimoja anachokiharibu kimepotea moja kwa moja. Nimekataa kupokea nusu ya fedha aliyonitumia ujumbe kunipa ili ninyamaze. Nimewaandikia wasimamizi wa soko na polisi, na picha za fundi nimeziambatanisha. Yeyote aliyenunua kwake konsetina yenye kasha kama hilo aifungue leo, kisha aniandikie namba atakayoikuta kwenye ubao wa ndimi.