Kabla hujanunua gari la spoti, peleka kipilefti

Mwezi wa kwanza nilikuwa na raha zangu. Gari la milango miwili, jekundu, rimu za inchi 19, ekzosi inayoamsha mtaa. Kampuni siitaji, yadi nayo siitaji, maana kosa lilikuwa langu: nilinunua kwa macho. Mwezi wa pili nikapanda nalo Lushoto. Anayeijua barabara ile kutoka Mombo anajua, ni kona juu ya kona, upande huu mwamba, upande ule bonde. Kwenye kona moja nikakata usukani, gari likagoma kukata. Pua ikaenda mbele kana kwamba mimi simo. Nilipona kwa sababu hakukuwa na basi linaloshuka. Na kilichonitisha zaidi si kule kuteleza. Ni kwamba mikono yangu haikupata taarifa yoyote. Usukani ulikuwa mwepesi vilevile kama ninaegesha sokoni.

Kwa hiyo leo nguvu za farasi sizihesabu, wala sijali linafika 100 kwa sekunde ngapi. Ninachouliza ni kimoja: usukani wake unaongea?

Ukiingia kwenye kona, matairi ya mbele yanapambana kujinyoosha yenyewe. Nguvu hiyo ndiyo uzito unaousikia viganjani. Kadiri unavyokata, uzito unapanda. Halafu, muda mfupi kabla tairi halijaachia lami, uzito unashuka kidogo. Huko kushuka ndiko kengele. Ukiisikia, unapunguza mafuta na safari inaendelea. Usipoisikia, yanakukuta yangu.

Magari mengi ya siku hizi usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme badala ya pampu ya haidroliki. Inaokoa mafuta, ila kengele inaimezea njiani. Hata Porsche 911 ilipohamia usukani wa umeme mwaka 2011, wapenzi wake walilalamika kama wamefiwa.

Namba moja kwangu ni Mazda MX-5, ambayo kule Japani inaitwa Roadster, na najua mtasema nina upendeleo. Ninao. Toleo lililoanza 2015 lina usukani wa umeme pia, lakini mota imewekwa kwenye reki, ile fimbo ya kule chini inayokatisha matairi ya mbele, si kwenye nguzo ya usukani. Gari lina takriban kilo 1,000, la turubai la soko la Japani lina injini ya cc 1,500, na matairi yake yana upana wa milimita 195 tu. Kwenye kona linalala ubavu kidogo, na wengi wanaona ni kasoro. Mimi naona ni adabu: linakuambia limefika wapi kabla halijafika. Toleo la kabla yake, la 2005 hadi 2015, lina haidroliki na linaongea zaidi, ila kwa umri wake ushuru wa uchakavu utakutoa machozi.

Namba mbili ni Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ. Injini yake imelala chini, hivyo gari haliyumbi sana, na usukani ni mwepesi kuitikia. Linaitikia kuliko linavyosimulia, basi tu.

Subaru WRX STI ya 2014 na kuendelea ilibaki na usukani wa haidroliki wakati WRX ya kawaida ilipewa wa umeme, kwa hiyo msichanganye hizo mbili. Shida yake injini imekaa mbele ya ekseli ya magurudumu ya mbele, pua nzito. Nissan Fairlady Z34 nayo ina haidroliki nzuri, lakini ni cc 3,700, na ukivuka cc 2,000 ushuru wa bidhaa unatoka asilimia 5 kwenda 10. Nimeishia hapo.

Wenye bajeti ndogo, Toyota Altezza. Badilisha kwanza bushi, zile raba za miguuni, na tairodi, vyuma vinavyounga usukani na matairi.

Sasa nije kwa wauzaji, maana ndiko nilikoumizwa. Gari linashuka bandarini likiwa na rimu zake za kiwandani. Likifika yadi linavishwa rimu pana zilizotokeza nje ya fenda, na spesa juu yake, vile vyuma vya kusogeza rimu nje. Pale tairi linapokanyaga lami panahama kutoka alipopapima mhandisi, na usukani unaanza kuvutwa na kila ufa wa barabara, huku kwenye kona uko kimya. Kisha bei inapanda kwa sababu gari "limeshapendezeshwa". Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2214 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Langu lilikuwa na mpira uliokauka kama soli ya kandambili, limepakwa dawa ya kung'arisha.

Kwa hiyo usikubali kuzungushwa barabara iliyonyooka. Tafuta kipilefti kitupu asubuhi ya Jumapili, zunguka kwa spidi 30, redio imezimwa, ushike usukani kwa vidole tu. Uzito usipobadilika hata chembe, shuka.

Nilirudi yadi kuulizia rimu zangu za kiwandani. Kijana akacheka. "Dada, zile ndogo? Tulishaziuza."

Nilipomwuliza kwa nani, akasema kuna mzee mmoja ana Roadster.