Uzoefu wangu na hadubini ya kukata tishu kwa leza

Kama uvimbe unaoufanyia kazi una seli za saratani tele na vitu vingine kidogo tu, huna haja ya mashine hii, ambayo kazi yake ni kukata kwa leza seli unazozitaka tu ili protini zake zipimwe. Chukua wembe, kwangua eneo ambalo mwanapatholojia (daktari anayechunguza tishu) amelizungushia kalamu kwenye slaidi, uendelee na kazi. Nimeanza na hilo kwa sababu watu hunijia wakitaka kujua kama leza ni nzuri kabla hawajaniambia sampuli yao ikoje.

Sampuli zangu ni za kongosho. Saratani ya kongosho ina sifa ya kujizungushia tishu nyingi za nyuzi, na seli zenyewe za saratani hukaa humo kwa vikundi vidogovidogo. Ukisaga kipande kizima ukakipeleka kwenye spektromita ya tungamo, mashine inayotambua na kupima protini, utaletewa kolajeni (protini ya hizo nyuzi) kwa wingi, protini za damu, na za seli za kinga. Ukiona protini fulani imepanda, huwezi kusema ni ya nani. Hapo ndipo leza inapolipa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Tishu hukatwa nyembamba, mikrometa 5 hadi 10, na kulazwa juu ya slaidi yenye utando wa plastiki, kisha hupakwa rangi. Kwenye skrini unachora mpaka kuzunguka seli unazozitaka, na mwale wa urujuanimno unapita juu ya mstari huo ukikata tishu pamoja na utando. Katika mashine za aina moja kipande huanguka chenyewe kwenye kifuniko cha kichupa kilicho chini. Katika nyingine, pigo la leza hukirusha juu. Mbinu ya awali, ambayo watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliitangaza mwaka 1996, haikukata kabisa: mwale wa infraredi uliyeyusha filamu ya plastiki ikagandana na seli, kisha zikabanduliwa. Mimi natumia ya kuangusha. Naipenda kwa sababu hakuna kinachogusa tishu zaidi ya mwanga.

Ukataji wenyewe naupa alama za juu. Ukishapatanisha nguvu, kasi na fokasi, mstari unatoka mwembamba na seli jirani haziguswi. Nguvu ikipungua, kipande kinaning'inia kwa kiuzi na hakianguki hata ungoje vipi. Ikizidi, ukingo unaungua, na kwenye kikundi kidogo cha seli ukingo ni sehemu kubwa ya mali yote.

Picha ndiyo inayoniudhi. Slaidi haiwezi kufunikwa kwa kioo, la sivyo kipande hakitatoka, kwa hiyo unatazama tishu kavu: giza, chengachenga, viini vya seli havionekani vizuri. Unaambiwa ukate kwa usahihi wa mikrometa kitu ambacho hukioni sawasawa! Nimezoea kuweka kando kata ya jirani ya tishu ileile, iliyopakwa rangi na kufunikwa kama kawaida, mwanapatholojia akaichora hiyo, nami nikaifuata kama ramani. Tone la ethanoli juu ya tishu nalo husafisha picha kwa muda mfupi, kisha hukauka.

Umeme tuli ni kero nyingine. Hewa ya chumba ikiwa kavu, vipande vyepesi huruka na kunasa mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo kifuniko nakikagua kwa kamera ya mashine yenyewe kabla ya kukifunga, kila mara.

Halafu kuna hesabu, ambayo wageni kutoka upande wa jeni huisahau. DNA kidogo unaweza kuizidisha. Protini huwezi, ulichokata ndicho ulichonacho. Eneo la mikrometa mraba 100,000 kwenye kata ya mikrometa 10 ni nanolita 1 ya tishu, yaani seli mia chache. Programu inakuonyesha jumla ya eneo inavyoongezeka, na nambari hiyo ndiyo naitazama kuliko kitu kingine. Baada ya hapo kila hatua inaweza kukuibia: peptidi, yaani vipande vya protini, hunata kwenye kuta za kichupa, na ngozi yako inachangia keratini. Kwetu hili lina utata wake, maana seli za saratani hii nazo zina keratini. Keratini namba 8, 18 na 19 nazichukulia kuwa za uvimbe. Nikikuta 1, 2, 9 na 10 zimejaa, namtazama aliyeshika sampuli.

Kinachofurahisha ni kwamba sampuli za zamani zilizohifadhiwa kwa formalini na parafini zinafaa. Formalini hufunga protini kwa minyororo, lakini joto la karibu nyuzi 95 huilegeza kiasi cha tripsini, kimeng'enya cha kukatia protini, kufanya kazi yake. RNA, nakala za jeni, katika sampuli kama hizo ingekuwa imeshakatikakatika.

Tangu mwaka 2022, mbinu iitwayo Deep Visual Proteomics ilipochapishwa, akili mnemba inaweza kuchagua seli kwenye picha na kuituma mipaka yake moja kwa moja kwa leza, vipande vikaanguka kwenye sahani yenye visima 384. Kuchora kwa mkono kunachosha macho na bega, kwa hiyo sitalilia. Lakini orodha ya seli zilizochaguliwa naipitisha kwa mwanapatholojia kwanza, kwa sababu kongosho lililovimba kwa muda mrefu bila saratani linaweza kufanana sana na lenye saratani.

Ukitaka kulipia huduma hii kwenye maabara ya pamoja, uliza mambo matatu kabla ya kuweka nafasi: kama utaruhusiwa kukaa kwenye mashine mwenyewe, kama ina kishikio cha sahani au vichupa tu, na ni lini leza ilipolinganishwa na kamera mara ya mwisho. Wakisita kwenye hilo la tatu, omba kwanza ukate slaidi ya majaribio.