Vikombe saba kutoka Kabwe

Kwanza bei, maana najua ndiyo iliyowaleta hapa. Kikombe kimoja cheupe cha kuchapishwa jina na picha ni shilingi 12,000. Ukichukua kuanzia sita wanashusha hadi 10,000. Kile cheusi kinachotokeza picha ukimimina chai ya moto ni 18,000, na ushauri wangu mkiache, nitasema kwa nini. Unatoa advansi nusu, iliyobaki siku ya kuchukua, na lipa namba wanayo. Ni steshenari ndogo maeneo ya Kabwe, hapa Mbeya. Jina silitaji, kwa sababu kuna kosa nitakalolisimulia, na wale vijana walilirekebisha vizuri tu. Sitaki liwafuate mtandaoni.

Mimi nina karakana ya ushonaji, cherehani tisa na mafundi saba. Kazi yetu kubwa ni sare za shule. Anayeshona sare anajua Desemba na Januari zilivyo: mzazi anakuja Alhamisi kamshika mtoto mkono, anataka sketi mbili za marinda na shati, na shule inafunguliwa Jumatatu. Mwaka huu tulimaliza msimu bila kumrudishia mzazi hata mmoja hela yake. Haijawahi kutokea. Nikasema hawa watu lazima niwashukuru kwa kitu cha kushikika.

Wazo la kwanza lilikuwa fulana. Mume wangu ndiye aliyenizuia bila kukusudia. Aliuliza tu, "Zitaandikwa nini?" Nikamjibu, jina la karakana, na namba ya simu mgongoni. Akacheka. Kweli bwana, fulana yenye namba yangu ya simu ni tangazo langu, wao wanakuwa nguzo ya kulibandikia. Na fulana za namna hiyo nimezivaa mwenyewe. Mei Mosi ya 2019 ilifanyika kitaifa hapahapa Mbeya, Uwanja wa Sokoine. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa mahali. Tukapewa fulana na kofia, tukaandamana, na mshahara wa Machi tulikuwa bado hatujauona. Fulana ile niliidekia nyumba mpaka ikaisha.

Basi vikombe. Mji huu, ikifika Juni na Julai mtu anashika sindano vidole vimekufa ganzi. Chai kwetu si anasa.

Kijana wa pale steshenari alinipa shikamoo kabla sijakaa, akavuta daftari. "Mama, nitajie majina." Nikaanza: Mama Bahati. Akasimamisha kalamu. "Mama Bahati ndilo jina lake?"

Hapo nikakwama. Mama Bahati ananitobolea matundu na kunishonea vifungo mwaka wa nne huu. Jina lake lipo kwenye mkataba kabatini, lipo kwenye fomu za NSSF, ila kwenye mdomo wangu halijawahi kupita. Wa pili ni Msukuma, mkataji wangu. Wa tatu tunamwita Fundi Kola. Yule kijana alikuwa ananisubiri tu, wala hakunicheka. Nikamwambia narudi kesho.

Kesho yake nikamuuliza kila mmoja anataka aandikwe nani. Mama Bahati alinyamaza kidogo, kisha akataja jina lake la shuleni, akalirudia taratibu kama anayejaribu gauni alilolishona zamani kuona kama bado linamtosha. Msukuma akasema yeye abaki Msukuma, lile la kwenye cheti ni la baba yake. Fundi Kola ni wa Iringa, akataka chini ya jina iwekwe "Kamwene", ili asubuhi kikombe kimsalimie yeye kwanza kabla ya bosi. Nikamwandikia.

Kitu kilichonifanya niwape hawa vijana sifa ni swali la pili. Kwenye simu walikuwa na maneno tayari, yale ya "Mfanyakazi Bora" na maua pembeni, wangeweza kunibandikia saba yanayofanana na nikalipa. Kijana akauliza, "Huyu Msukuma anafanya nini hasa?" Anakata. "Anakata vizuri?" Nikamwambia, mtu akileta mita tatu anashonewa suti na kinabaki kipande cha kofia ya mtoto. Akaandika: "Kitambaa kwake hakipotei." Chini akachora mkasi. Kwa Mama Bahati tukaandika kwamba kifungo chake hakijawahi kurudi dukani. Kwa Tusajigwe, binti wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisichanuke, nikaomba "Ndaga fijo". Mimi si Mnyakyusa, lakini ukiishi Mbeya na hujui asante ya Kinyakyusa una lako jambo.

Walinikubalia kukaa nione. Wanachapa kwenye karatasi maalumu, maandishi yamegeuzwa kama unayasoma kwenye kioo. Karatasi inazungushiwa kikombe, inabanwa kwa gundi ya utepe isiyoungua, kisha kikombe kinaingia kwenye mashine inayokikumbatia. Joto karibu digrii 200, dakika tatu hivi. Wino unageuka mvuke na kuzama kwenye utando ambao kikombe kimepakwa kiwandani. Kwa hiyo msihangaike kubeba kikombe chenu cha kawaida kutoka sokoni, bila ule utando wino haushiki. Mafundi wenzangu, hata kwenye nguo ni hivyohivyo: polista inashika, pamba tupu inawacheka.

Kikombe cha nne kikiwa ndani, umeme ukakatika. Kilipotoka, mkasi wa Msukuma ulikuwa umepauka kama umefuliwa na jiki. Kijana akakiweka pembeni bila mimi kusema neno, akasubiri umeme, akaanza kingine. Mwingine angenifungia kwenye gazeti nikakione nyumbani.

Sasa kosa. Majina niliyatuma kwa ujumbe wa sauti nikiwa barabarani. Usiku wa kuamkia siku ya kuwapa nikafungua gazeti moja moja, nikakuta "Tusajigo". Tusajigwe maana yake tumebarikiwa. Tusajigo sijui maana yake nini. Asubuhi nikawahi pale nimevimba. Kijana hakubishana, alinichezea tu sauti yangu mwenyewe: mwishoni mwa jina daladala inapiga honi na silabi imemezwa. Kosa nusu kwangu. Bado alinitengenezea kingine bure, na kile kibovu akaniachia. Andikeni majina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, mkabidhi mkononi.

Nilichopungukiwa kwao ni ufungaji. Maboksi wanayo lakini ni 1,000 kila moja, na hawakuambii mpaka uulize. Vikombe vya zawadi kuvaa gazeti la mwezi jana hapana.

Ijumaa jioni, karakana ikishafagiliwa, nikawapa na chai na maandazi. Sikutoa hotuba. Nilisoma tu maneno ya kila kikombe na kumkabidhi mwenyewe. Mama Bahati nilipomwita kwa jina lake, wawili wakageuka kutafuta ni nani huyo.

Na Msukuma akakigeuza chake, akakisoma tena, akasema, "Mama, kikombe kizuri sana. Na ile overtime ya Desemba?"

Walicheka wote isipokuwa mimi. Saa za ziada nilikuwa nimewalipa, ila kwa kiwango kilekile cha saa za kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa ya ziada ni mara moja na nusu. Nilikuwa naijua. Nilikuwa najiambia tunajuana, sisi ni familia. Usiku nikapiga hesabu: saa 40 kila mtu, nusu yake niliyoikalia ni 30,000 kwa mmoja, jumla 210,000. Jumanne nikawalipa. Vikombe vyenyewe vilikuwa 70,000, kwa hiyo ukiniuliza leo gharama yake kamili nitakwambia 280,000. Na kama wewe ni mwajiri, ile 210,000 itangulie, vikombe vifuate. Mimi nilianza kinyume, nikaumbuka mbele ya maandazi.

Ni Julai sasa, vimetimiza miezi sita, naweza kusema vinavyodumu. Vyeupe vyote picha ipo, isipokuwa cha Fundi Kola. Mdogo wake alikisugua kwa stiliwaya, na "Kamwene" imebaki "Kam". Dodoki laini linatosha, jamani. Kile cheusi nilijinunulia mwenyewe kwa ubinafsi. Ule weusi umeanza kubabuka, sasa hakifichi kitu wala hakionyeshi kitu. Ndiyo sababu nimesema mkiache.

Kama mnataka kujua vikombe vimeongeza uzalishaji, sijui, sikupima. Mmoja wa saba aliacha kazi Mei, akaenda Tunduma kufungua ya kwake. Tulivitundika kwenye ubao wenye misumari karibu na dirisha, na siku alipoondoka nilikuta msumari wake mtupu. Kaenda nacho. Mkasi wangu aliokuwa anautumia aliuacha, kikombe kakibeba.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na gazeti.

Kile kibovu cha Tusajigo tulikitundika pia, msumari wa nane, kiwe cha mgeni. Wateja wakaanza kuuliza Tusajigo ni yupi, na mafundi hawakuwa na haraka ya kueleza. Sasa ni mtu kamili pale kazini. Tepu ya kupimia ikipotea, kaichukua Tusajigo. Pasi ikiachwa inawaka, ni Tusajigo. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja juu kwelikweli na suruali ya mwanawe, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia Msukuma anampooza kwa sauti ya huruma: "Pole sana mama. Tusajigo huyo. Tunamrekebishia leo leo."