Karakana ya turubai na fremu, Kampemba: Dom Miguel de Castro wamemtendea haki

Mimi ni fundi cherehani hapa Lubumbashi, Kamalondo. Nashona suti za ndoa na za kolasyo, yaani sherehe za kuhitimu chuo, na siku nyingi nilitaka kutundika kwenye atelye yangu ya kushonea picha ya mtu mweusi aliyevaa na nguo zikamkaa. Nikamchagua Dom Miguel de Castro, mjumbe wa Soyo, nchi iliyoko Mto Kongo unapoingia baharini, siku hizi upande wa Angola. Mtawala wake alimtuma kwa Waholanzi. Njiani alipitia Brazili, na mwaka 1643 akachorwa kwa rangi za mafuta huko Middelburg. Mchoraji anatajwa kuwa Jaspar Beckx. Picha yenyewe iko Copenhagen, kwenye jumba la sanaa la taifa la Denmark, na wameiweka kwenye intaneti bure, faili kubwa na safi.

Faili hiyo niliipeleka kwenye karakana ndogo ya kuchapa na kutia fremu, upande wa Kampemba. Avansi, yaani malipo ya kutanguliza, ni nusu ya bei. Jumla nimelipa dola 60, turubai pamoja na fremu ya mbao ya mulombwa, kwa kipimo cha picha yenyewe, sentimita 75 kwa 62.

Kazi ngumu iko kwenye weusi. Dom Miguel ana ngozi nyeusi, kofia pana nyeusi, na nyuma yake giza. Mashine ikikosea, vyote vitatu vinakuwa doa moja na unabaki na kola nyeupe tu. Kijana wa kompyuta aliniuliza, "Papa, nitieko mwangaza kidogo, sura ionekane?" Nikamwambia hapana, mwanangu, usimng'arishe hata kidogo. Hakunibishia. Alichapa kwanza kipande chembamba, kuanzia ukingo wa kofia mpaka shavuni, tukakitoa nje kwenye jua. Unyoya mwekundu wa kofia ulikuwa umegeuka waridi, na weusi ulikuwa mfu, kama masizi. Mwenye karakana akaeleza kwamba turubai inakunywa wino, kwa hiyo weusi hautoki kwa wino mweusi peke yake. Unachanganywa na zile rangi nyingine, halafu vanishi ndiyo inayourudisha. Akarekebisha, akachapa kipande kingine, na hapo nikaona shavu limejitenga na giza bila kupaushwa. Hiyo subira ndiyo ninayoisifu zaidi. Kwingine mjini wangekuchapia moja kwa moja na kukwambia ndivyo ilivyo.

Sasa ukisogea karibu unaona tarizi kwenye mkanda wa upanga unaokatiza kifua. Mchoraji hakuchora kila uzi. Ameweka vidoa vya mwanga pale uzi unapopanda juu ya kitambaa, jicho linamalizia. Wanafunzi wangu wa kushona nimewasimamisha hapo, waone jinsi bega linavyobeba uzito wa nguo ya heshima. Huyu alikuwa mjumbe, na alivaa kama mjumbe.

Fremu ni nzuri, pembe zimeshikana, hazina gundi iliyovuja. Kasoro ni mbili. Kwanza, walichelewa: umeme ulikatika, na hawakunipigia simu, mimi ndiye niliyewafuata. Pili, walikuwa wameshatia kioo bila kuniuliza. Kwa picha ya giza kioo hakifai: mchana kutwa unaona dirisha lako na wapita njia. Walikitoa bila kudai kitu, lakini wewe sema mapema: bila kioo, vanishi isiyong'aa.

Wateja huniuliza huyu ni mfalme wa wapi, nami nawaambia habari za Soyo kabla ya kuwapima mabega. Nimeshaacha avansi ya wenzake wawili waliochorwa pia, mmoja na pembe ya ndovu, mwingine na kijisanduku. Safari hii tumeandika kwenye risiti: kipande cha majaribio kwanza, kioo hapana, na namba yangu ya simu iko juu kabisa.